Presha ya Papa Neema na Shangazi Aliyeitwa Mchawi

Bwana Yesu asifiwe! Na ninyi wa viti vya nyuma mlioitika kwa kichwa tu, Bwana asifiwe tena! Ameni.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Neema, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, nafanya usafi maofisini hapa Croydon, London. Mume wangu Kojo, Papa Neema wenu, ni Mghana wa Kumasi. Kiswahili alijifunzia humu humu kanisani, ndiyo maana anaongea kama anayekemea pepo.

Kwao kina Kojo wanaume walikuwa wanaanguka. Baba yake alianguka uani, akafa. Kaka yake, Yaw, alianguka akicheza harusini, mtu mwenye nguvu zake! Ukoo mzima ukasema ni Shangazi Abena, dada ya baba. Kisa? Alimwambia Yaw, "Wewe utaanguka," na kweli akaanguka. Tangu hapo wakamtenga. Akipiga simu London, Kojo alibana pua na kusema, "Kojo amehama."

Kojo mwenyewe alijiona simba. Chumvi aliimwaga kwenye sahani kabla hajaonja. Mchuzi usio na samaki wa chumvi aliuita maji ya kunawia.

Jumapili moja baada ya ibada, Dada Furaha, nesi wetu, akaleta mashine ya kupima presha. Kojo akawahi kiti. "Mimi mbele! Mimi mfano!" Akawatunishia kina mama msuli. Mashine ikambana mkono, ikalia. Furaha akatazama namba. Akapima mkono wa pili. Kisha akasema taratibu, "Papa Neema, usiinuke."

"Mashine haribika!"

Akapimwa mchungaji: sawa. Nikapimwa mimi, ninayeishi na Kojo: sawa! Hapo mashine ilishinda kesi.

"Kichwa hapana uma! Jana mimi beba friji!"

"Presha hii haiumi, Papa. Inaua tu. Twende hospitali sasa hivi."

Kojo akapiga magoti. "Mchungaji, omba! Hii Shangazi!"

Mchungaji wetu, Mungu ambariki, akamshika kwapani akamwinua. "Nitaomba, ndugu yangu. Nitaombea garini."

Ndugu zangu, tulikwenda na gari la kanisa, kwaya nzima ndani, wakiimba kila tuliposimama kwenye taa nyekundu! Pale mapokezi walidhani tumeleta maharusi.

Daktari alikuwa Mnigeria, mtu mzima. Akamuuliza Kojo kwa Kiingereza, "Kwenu nani ana presha?"

"Hakuna, daktari. Sisi tunarogwa tu."

Daktari hakucheka. "Yuko aliyewahi kupimwa?"

Hakuna.

"Baba yangu naye alikufa hivyo hivyo," akasema. "Sisi watu wa Afrika Magharibi, nyumbani na hapa London, ugonjwa huu umejaa majumbani mwetu na haupigi hodi. Mshipa unapasuka kichwani, au moyo unachoka, mtu anaanguka. Mimi mwenyewe nameza kidonge kila asubuhi."

Kojo akainama. Nikaona machozi. "Yaw hakurogwa," akasema. "Yaw hakupimwa." Nikamshika mkono.

Walipompa vidonge, wakamkataza chumvi na kumruhusu arudi nyumbani, jambo la kwanza alinunua kadi ya simu, akampigia Shangazi. Nilimsikia mama yule akifoka hadi jikoni! Kumbe, ndugu zangu, Shangazi mwenyewe ana presha! Alipimwa kliniki ya kwao, akaambiwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ndipo akamsihi Yaw, "Nenda kapimwe, la sivyo wewe utaanguka." Na simu zote zile alikuwa anatafuta kumwokoa Kojo!

"Kila nikipiga," akafoka, "mtu wa mafua ananiambia umehama!"

Kojo akaanza, "Nisamehe, Shangazi..." kadi ikaisha. Akakimbia dukani kununua nyingine, ili aendelee kugombezwa.

Shetani hakukata tamaa. Siku ya kwanza nilipopika bila samaki wa chumvi, Kojo alionja, akafumba macho, akauliza, "Sisi funga?" Na alipoona presha imeshuka, akataka kutupa vidonge ashuhudie kwamba amepona. Shangazi akamwambia, "Tupa. Halafu nichagulie nguo ya msiba." Kojo akameza mbele ya simu.

Leo yu hai! Aliwapigia ndugu zake mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Walikwenda kumwomba Shangazi radhi, wakajipanga kliniki nyuma yake, na wawili wakakutwa na presha hiyo hiyo, wakawahiwa. Haleluya!

Namshukuru Mungu, na Dada Furaha, na mchungaji anayejua kuomba huku gari linatembea. Wewe ndugu unayesema huumwi popote, hasa ninyi shemeji zangu wa Ghana na Nigeria, nawasihi kwa upendo. Furaha yuko pale penye chai. Mlango wa nyuma Kojo ameuziba kwa mwili wake, hapiti mtu. Mtegemeeni Bwana, wapendwa, na mkunje mikono ya mashati!