Historia ya Papa Barthélemy Ntirenganya, Mukaanga Resori

Wapendwa jamaa na majirani wa Ndosho, Papa Barthélemy Ntirenganya alizaliwa Masisi tarehe 14 mwezi wa tatu 1951, mwana wa nne wa muzee Nzabonimpa, mufugaji, akasoma primeri mpaka mwaka wa tatu, shule ikamuchoka naye akaichoka, wala musicheke, aliyeandika haya hakumupita sana.

Mwaka 1968 aliingia atelye moja ya wafua chuma mjini Kiwanja kuvuta mivukuto, akajifunza rangi za moto, kwamba chuma kikiwa kama ndizi mbivu kimepita kiasi, kikiwa kama chungwa kipigwe, kikiwa kama damu iliyoganda nyundo iachwe, maana kitapasuka ndani bila kukuambia. Tarehe 7 mwezi wa nane 1976 alimuoa Mama Eugénie Mukabalisa, Mungu akawapa watoto watano.

Mwezi wa kumi 2008 vita ilipofika Kiwanja, kamio, lori la jirani yetu Émile, lilivunjika lame ya resori, kile chuma kinachobeba uzito wote, watu arobaini wakiwa juu, Mama Eugénie na watoto kati yao, risasi zikikaribia, ndipo marehemu akatwaa lame ya gari bovu, akaifua kwa rangi ya chungwa, akairudisha motoni kila ilipofifia, na watu wa milima, waliozoea tangu mababu kuzima majembe kwa maji, wakapiga kelele aimwagie maji waende. Akakataa, kwani chuma kile kimechanganywa kiwandani, maji yangekipasua kama chungu, akaomba bidoni, dumu la mafuta ya mawese, chakula pekee alichobeba mama.

"Mama Eugénie, njaa utaniuliza tukifika Goma. Sasa leta mafuta."

Akakizima humo, harufu ikawatia watu njaa, wakamutukana eti anakaanga resori, naye polepole akakipasha tena juu ya makaa mpaka kikageuka buluu, kisibaki kikavu cha kuvunjika, na kamio likameza mashimo yote mpaka Goma.

Hapa Ndosho, Goma, alifundisha mafundi kumi na mmoja, hodari wao akiwa huyu Bienvenu anayewasomea, na kama kuna asiyeamini, apite atelye kesho. Mapafu yalimushika mwaka 2021, akafariki tarehe 3 mwezi wa sita 2022, mkono wake katika mkono wa mama.

Tunawashukuru waganga, majirani walioleta makaa na unga, na mafundi wenzake waliofunga atelye siku tatu. Ninyi mulioshuka kwenye kamio lile, leo mukiwa na wajukuu mugongoni, simameni.

Papa, watu wako walifika. Nawe pumzika kwa amani.