Viota Nyuma ya Barua

Treni ya asubuhi ilikuwa nusu tupu, nami nikajifanya nasoma gazeti. Mbele yangu mtafiti wa maji, kamera mapajani, alikuwa akimwonyesha karani mstaafu picha ya korongo juu ya kiota.

"Safi," karani akasema. "Baki na ndege, binti yangu. Siasa waachie wenyewe."

"Waziri katangaza bwawa lile halina kiumbe, lifukiwe kijengwe kiwanda. Picha hii niliipiga pale jana, mzee. Aliyembishia waziri ni huyu korongo."

Karani alicheka, kisha akaangalia nyuma kama kuna aliyemsikia. Nilikuwepo.

Mtafiti akatoa barua ya mkurugenzi wake: leo atie sahihi kwamba hatasema tena hadharani, la sivyo hana kazi. Penye sahihi palikuwa peupe. Nyuma ya karatasi alikuwa amehesabia viota vya bwawani kwa vistari, mia mbili na kumi na vinne.

"Unamrudishia hivyo hivyo?"

"Karatasi ni yake."

"Watakufukuza."

"Basi nitashinda bwawani na kamera."

Treni ikasimama, akashuka. Karani akatoa kichwa dirishani.

"Binti, na kiota hicho cha kwenye picha umekihesabu?"