Mashine Zote Boma Moja

Benchi letu liko nyuma ya ofisi ya shirika fulani la zahanati mjini Garissa, kwenye ukuta unaotupa kivuli asubuhi na kututimua adhuhuri. Wa kila siku ni mimi. Bare, tunayemwita Dalali kwa kuwa anauza ng'ombe hata anaposinzia. Kadar wa kadi za simu, yaani Mnara. Na Silas, Mmeru, fundi wa kompyuta wa shirika hilo, tuliyempachika jina Nyaya. Leo Nyaya alikuja na fomu mkononi, kahawa yake ya tangawizi ikapoa bila kuguswa. Niliogopa, maana huyu mtu huwa haachi kahawa ipoe.

NYAYA: Wameamua. Mashine za rekodi za wagonjwa za Ijara, Bute na Hulugho zinazimwa leo saa kumi. Kila kitu kinahamia chumba kimoja, hapa nyuma yetu. Gharama inashuka, nami naacha kukimbizana na feni mbovu.

MNARA: Si hiyo ni poa, buda?

NYAYA: Poa. Ila lazima nitie sahihi fomu hii kwamba Hulugho ina laini mbili za intaneti, moja ikikatika nyingine inashika.

MNARA: Kwani hazipo?

NYAYA: Kwenye karatasi zipo. Nimezifuata kwa gari. Zote zimelazwa kwenye mtaro mmoja, ule uliosombwa na mvua juzijuzi.

DALALI: Warya! Mimi ng'ombe yangu nusu iko Ijara, nusu Hulugho, mbuzi iko kwa shemeji. Kiangazi ikibiga huku, kule inabaki. Nani anaweka mali yote boma moja?

NYAYA: Maboma mengi, wachungaji wengi, mzee. Wakubwa wamechoka kuwalipa.

DALALI: Na fisi amefurahi. Ataingia mara moja tu.

MNARA: Na rekodi zikichanganyika? Unaenda na jino, unaambiwa una mimba ya miezi saba!

MIMI: Kadar!

MNARA: Ngoja. Mfagiaji anajikwaa kwa waya, Bute nzima imekufa kwenye kompyuta. Unapiga kelele dirishani uko hai, wanakudai cheti.

Tulicheka ili kuifukuza hofu. Haikuondoka.

Mama mmoja alikuja, amekumbatia mkoba.

MAMA: Asalaam aleikum. Mimi naitwa Saado. Mlinzi anasema fundi iko hapa.

NYAYA: Ni mimi, mama.

SAADO: Binti yangu Nafiso iko Hulugho, anazaa wiki hii. Akizaa mtoto ya kwanza, sindano moja ilitaka kumuua yeye. Jina ya dawa sisi hatujui. Iko kwa kombyuta tu. Nasikia mnaitoa huko.

NYAYA: Inahamia hapa. Daktari ataisoma kwa laini.

SAADO: Na laini ikikatika?

Mnara, ambaye hula kwa laini hizo hizo, aliinamia viatu vyake. Nyaya aliinuka, akaingia ofisini, akarudi na jina la ile dawa, ameliandika kwa herufi kubwa nyuma ya fomu ambayo bado haikuwa na sahihi.

NYAYA: Mpelekee leo. Asiiache mbali.

Saado aliikunja, akaisukuma ndani kabisa ya mkoba. Kisha akamtazama Nyaya tena.

SAADO: Na wale wanawake wengine ya Hulugho, wao utaandikia saa ngapi?

Nyaya alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita kasorobo, saa nne na robo kabla ya mashine kuzimwa, na birika la kahawa lilikuwa tupu.