Boti Mpya ya Shemeji

Mshona nguo alitaka kusinzia, lakini mashemeji wawili waliokaa mbele yake kwenye basi hawakumpa hata lepe la usingizi.

"Boti umeitia viti vya sponji, umeitia redio, jina umeliandika kwa rangi tatu," alisema yule mnene. "Nanga iko wapi?"

"Nanga itakuja," alijibu mwenye boti, kana kwamba nanga ni mgeni aliyechelewa kidogo.

"Na majaketi ya kuokolea?"

"Shemeji, mbona unaniandama? Nimejinyima miaka sita."

"Nakuandama kwa sababu umemuoa dada yangu."

Hapo mshona nguo aliafiki kimoyomoyo.

"Basi tulia. Maji yameshajaa, vijana wanaishusha sasa hivi. Sisi tukifika ni kupanda tu."

Mwenye boti akaingiza mkono mfukoni kutafuta nauli, akatoa kizibo cha mpira, kinene kama kidole gumba. Wote wawili wakakikodolea macho.

"Hicho si cha lile tundu la chini?"

"Nilikichomoa jana maji ya mvua yatoke. Nikakitia mfukoni kisipotee."

"Na kweli hakijapotea," alisema shemeji kwa upole wa kutisha. "Wapigie vijana simu."

Mwenye boti akalipapasa begi lake. "Simu zao ninazo mimi. Nilizikusanya alfajiri kabla sijakufuata, zisije zikalowa."

Basi likasimama. Kupitia dirishani, mshona nguo aliwasikia watu wa ufukweni wakishangilia, halafu wakanyamaza.