Fundi Mwanne na Kresida Iliyokataa Kuwa Chuma Chakavu

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwanne Mwinshehe, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Mikumi, anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Mkondoa kwa miaka thelathini na minne. Kwenye ratiba mmeandikiwa kwamba tunamuaga mzee wetu. Hilo la kumuaga ni kweli. Hilo la uzee, mwenye kuthubutu akamwambie mwenyewe, ila kwanza asome ukurasa huu hadi mwisho.

Niliyepewa kuuandika ni mimi, Lightness, fundi rangi, mwenye siku kumi na sita za ndoa. Wenzangu walipinga. Walisema siku hizi hata nikiandika orodha ya msasa, naiandika kwa mapenzi. Ni kweli, na sitaomba radhi. Huko mbele mtaona kwa nini kazi hii ilikuwa yangu.

Fundi Mwanne alizaliwa Zombo mwaka 1965. Alifika karakana Februari 1991 akiwa na cheti cha ufundi wa magari alichokipata Morogoro mjini. Alipokelewa vizuri, akapewa birika. Kwa miezi mitatu alichemsha chai, na kila alipopeleka kikombe aliinama kidogo kutazama kinachofanyika. Siku moja lori la miwa liligoma kuwaka, na mafundi wanne wakalizunguka tangu asubuhi. Yeye akaweka sinia juu ya bampa, akakaza waya wa betri uliokuwa umelegea, akasema, "Chai yenu inapoa." Lori likawaka. Kesho yake birika likawekewa zamu, kila fundi na siku yake, na zamu hiyo ipo hadi leo. Hata meneja ana siku yake.

Yuko dereva mmoja, jina namhifadhia, aliyekataa kupanda gari kule Ruhembe kwa sababu breki zake zilikuwa zimetengenezwa na mwanamke. Fundi hakubishana. Alimwambia, "Haya baba, barabara ni hiyo," akaliendesha mwenyewe kurudi Mikumi. Alipomkuta dereva njiani akirudi kwa miguu, viatu mkononi, alisimama pembeni yake taratibu kabisa ili aone breki zinavyoshika. Dereva yule alipanda. Baadaye binti yake alikuja kujifunza ufundi kwetu, na ni mmoja wa mafundi kumi na mmoja waliopita mikononi mwa Fundi Mwanne.

Na miaka yote hiyo mumewe amemletea chakula cha mchana kwa baiskeli. Mvua ikinyesha, anakuja na mwavuli, sufuria ikiwa kavu na yeye amelowa. Mimi nilikuwa nikiwaona nikidhani ni mazoea tu. Sasa nimeolewa, nimeelewa, na nikiwaona nalia kidogo.

Lakini kisa ambacho karakana itakisimulia hata sisi tukiwa tumestaafu ni cha miezi hii mitatu iliyopita, nacho ni cha ile Kresida.

Wageni wetu wajue kwamba Kresida ya Ushirika ni ya mwaka 1986. Injini iko mbele, lakini tairi zinazosukuma ni za nyuma. Katikati, chini ya sakafu, kuna shafti ndefu inayotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu, iliyo kati ya tairi za nyuma, nasi shafti hiyo tunaiita propela. Gari hili limebeba maofisa wa shamba, wagonjwa na maharusi. Kwa desturi yetu, mfanyakazi wa Ushirika haolewi wala haoi kwa gari la kukodi. Anapanda Kresida, iliyofungwa riboni, kutoka Kilosa hadi Mikumi.

Aprili mwaka huu Kresida ilianza kutetemeka. Ikifika kilomita themanini kwa saa, chini ya miguu kunavuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na viti vinawasha mgongo. Dereva wake, Emanueli, aliripoti mara tatu. (Emanueli sasa ni mume wangu. Naandika neno hilo kwa furaha.) Tairi zikabadilishwa, haikusaidia. Akaja mtaalamu kutoka Morogoro na kompyuta yake, akatafuta pa kuichomeka, akakosa, maana Kresida ilizaliwa kabla ya mambo hayo. Basi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema giaboksi na difu vyote vimekwisha, na vipuri vyake havipatikani.

Hapo ndipo ilipotoka fomu. Ni fomu ya kufuta gari ili liuzwe kama chuma chakavu, na chini kabisa kuna mstari wa Fundi Mkuu, baada ya maneno "Sababu ya kushindikana." Kwa miaka thelathini na minne Fundi Mwanne hajawahi kuujaza mstari huo. Ameshafungua magari yaliyozama mtoni na yaliyogongwa na nyati, na yote yaliondoka yakitembea. Sasa alitakiwa aujaze wiki tatu kabla ya kustaafu, uwe ndio mwandiko wake wa mwisho katika majalada ya Ushirika.

Meneja wetu, Bwana Innocent, ni kijana mwenye adabu. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo Fundi," akasubiri "Marahaba," kisha akamsogezea fomu.

"Fundi, gari limezeeka. Na wewe unakwenda kupumzika. Mwondoke pamoja, kwa heshima."

"Mwanangu, mimi natetemeka?"

"Hapana, Fundi."

"Basi usituweke kwenye fomu moja."

Akapewa hadi Ijumaa, tarehe 6 Juni. Asiposaini, ofisi ya Kilosa ingeandika yenyewe kwamba Fundi Mkuu ameshindwa. Wapo hata kati yetu walionong'ona kwamba bibi anang'ang'ania. Nawakumbusha kwa upendo kwamba nilikuwapo na nilisikia.

Jumanne alimchukua Emanueli na Kresida hadi barabara ya lami iendayo Kidodi. Alitaka themanini kwa gia ya nne. Gari likatetemeka. Akataka themanini kwa gia ya tatu, injini ikilia juu zaidi. Mtetemo ukabaki uleule, haukuongezeka wala kupungua. Kisha akamwambia aweke gia huru, gari lijiendee lenyewe injini ikiwa imetulia. Bado likatetemeka. "Injini haimo," akasema, "na klachi haimo. Kinachotetemeka kinafuata mwendo wa gari." Tairi nazo alizitoa kwenye kesi, kwa sababu tairi mbovu hutikisa polepole, unaweza kuhesabu. Huu ulikuwa mvumo mwembamba wa kitu kinachozunguka mara nyingi kuliko tairi. Zilibaki propela na difu, na mtaalamu alikwishaihukumu difu.

Jumatano akaja Mzee Kulet, mjumbe wa bodi kutoka upande wa wafugaji, na malalamiko yake. Yeye husafiri kwa Kresida na kibuyu cha maziwa. Alisimama mlangoni mwa karakana, fimbo begani, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nani kati yenu anageuza maziwa yangu kuwa siagi?"

Tulicheka wote isipokuwa Fundi Mwanne. Alimwamkia, akampa kiti, akamuuliza safari zipi maziwa yaligeuka na zipi hayakugeuka. Mzee akafikiri. Akikipakata kibuyu, maziwa yanafika maziwa. Akikiweka kwenye kiti cha nyuma pembeni, yanafika maziwa. Akikiweka sakafuni, juu ya lile tuta lililoinuka katikati ya gari, siagi.

"Karibu na kiti cha nyuma, au mbele kidogo?"

"Mbele. Nyuma ya handibreki."

Fundi Mwanne akasimama. Difu iko nyuma kabisa, na giaboksi iko mbele kabisa. Chini ya lile tuta, pale Mzee Kulet anapoweka kibuyu, ndipo vipande viwili vya propela vinapoungana. "Mzee wangu," akasema, "kibuyu chako kimeishinda kompyuta."

Kresida ikainuliwa nyuma, ikakaa juu ya stendi mbili imara, tairi za mbele zikazuiwa kwa magogo. Alitufukuza wote, mita tano. Emanueli akawasha na kutia gia, propela ikazunguka polepole. Fundi akalala chini ubavuni, akakifunga kipande cha chaki kwenye ncha ya ufito mrefu, akakisogeza taratibu hadi kikagusa. Injini ikazimwa. Propela iliyonyooka huchorwa duara zima. Hii ilichorwa upande mmoja tu, kama mtu aliyepaka poda shavu moja. Akaigonga kwa spana. Kila mahali ililia kama kengele. Pale penye chaki ilijibu kama ukuta wa udongo.

Akaomba bisibisi, akakwangua. Ikatoka rangi nyeusi nzito ya kuzuia kutu. Chini yake likatoka donge la tope jeusi la Zombo, gumu kama tofali, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche. Lilikuwa limejificha nyuma ya kiungio, upande mmoja wa shafti, na kila ilipozunguka kwa kasi liliivuta huku na huku.

Mafundi wakainama kulitazama donge. Mimi niliitazama ile rangi.

Mtakumbuka kwamba mwezi wa Aprili tulipata ugeni wa ukaguzi, na ikaagizwa magari yote yang'ae hadi tumboni. Kresida ilikuwa imerudi siku ileile kutoka Zombo, mvua zikiwa zimepamba moto. Wengine wangeiosha kwanza. Sisi tulikuwa na wageni kesho yake. Mwenye bomba la rangi nilikuwa mimi, nikiwaza gauni la harusi, na nilipaka juu ya tope vizuri sana, tabaka mbili. Wageni walisifu. Wiki iliyofuata gari likaanza kutetemeka, na hakuna aliyetazama chini, maana chini ndipo palipokuwa pasafi kuliko sehemu zote.

Nilisema palepale kwamba ni mimi. Fundi hakupaza sauti. Alilifunga lile donge kwenye gazeti, akanipa mkononi. "Mwanangu Lightness, zawadi yako ya harusi hiyo. Kabla hujapaka rangi, osha." Nimeolewa siku kumi na sita tu, lakini tayari tumelitumia neno hilo mara mbili nyumbani. Mume wangu akinyamaza kwa hasira huku akitabasamu, namwambia, Ema, tuoshe kwanza. Donge liko juu ya kabati, kando ya picha ya harusi.

Propela ilioshwa, ikarudishwa. Ijumaa tarehe 6 Bwana Innocent alipanda mwenyewe, akaweka glasi ya maji juu ya lile tuta. Themanini. Tisini. Maji yalitulia kama yaliyo mezani. Meneja alishuka, akampa Fundi mikono yote miwili, akasema, "Nisamehe, Mama," mbele ya watu, na hilo nalo liandikwe.

Akataka kuichana fomu. Fundi alimzuia. Alisema karatasi ya ofisi haichanwi, hujazwa. Akavaa miwani, na kwenye mstari wa "Sababu ya kushindikana" akaandika kwa herufi kubwa: HAIJASHINDIKANA. IMEOSHWA. Akasaini. Fomu hiyo iko Kilosa kwenye jalada, kwa yeyote atakayetaka tena kutufundisha kwamba kilichokaa muda mrefu lazima kiwe kimechakaa.

Tarehe 14 Juni Kresida ilinileta Mikumi nikiwa na shela. Fundi Mwanne aliketi mbele, na njia nzima mguu wake ulikuwa juu ya tuta, ukisikiliza.

Anaenda Zombo, kwenye shamba lake la mahindi na banda la ufundi ambalo mumewe amekwisha kulijengea paa. Fundi, asante kwa magari, kwa zamu ya birika, na kwa kutokusaini. Asante kwa kutuonyesha kwamba heshima ya kazi hailetwi na wageni wa ukaguzi. Mungu akupe afya, mvua kwa wakati wake, na sufuria ya mchana isiyolowa.

Sherehe ikiisha, Emanueli atakupeleka kwako kwa Kresida. Hatukununua gari jipya la kukuaga, na hatukukodi. Mzee Kulet ameleta kibuyu kimejaa, kitasafiri sakafuni, juu ya tuta, nyuma ya handibreki. Ukifika Zombo kifungue mbele ya majirani wote, uwamiminie. Yatakuwa maziwa.