Effie Wishart na Matundu Manne

Ni nani kati yenu mlioketi humu kanisani aliyewahi kusema kwamba Effie Wishart alidanganya hesabu? Msinyooshe mikono, Inverdour ni mji mdogo na familia inawajua.

Marehemu Euphemia Gourlay Wishart alizaliwa tarehe 3 Machi 1922, hapa hapa Inverdour, mtoto wa tatu wa mvuvi wa heringi na mshona nyavu, akasoma shule ya mji hadi alipotimiza miaka kumi na minne, akatoka na tuzo ya hesabu ambayo mwalimu wake aliitoa shingo upande, maana Effie alikuwa amemsahihisha mwalimu huyo ubaoni mara mbili. Tusimpambe, hakuwa mpole.

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la wanamaji upande wa wanawake, na tarehe 5 Aprili 1943, kikosi cha kuwafunza wapiga bunduki wa ndege za wanamaji kilipoundwa katika uwanja wa Ardlaw, alikuwa miongoni mwa wasichana sita wa kwanza kuripoti, kabla hata vyoo havijaezekwa. Ndege moja ilivuta mfuko mrefu wa kitambaa juu ya bahari, vijana waliokaa viti vya nyuma vya ndege nyingine wakaufyatulia, risasi za kila mmoja zikiwa zimechovywa rangi yake, kisha mfuko ukaangushwa uwanjani, na Effie na wenzake wakapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, wakahesabu matundu mekundu, ya bluu, ya kijani. “Dada, hilo nalo si jekundu kweli?” walimbembeleza. “Mekundu ni macho yako, kaka, nenda kalale,” aliwajibu, na aliyeshindwa alirudia zoezi mpaka akajua. Kwa miezi kumi na saba kikosi kilihitimisha vijana mia nne na kumi na wawili, na familia inajivunia kwamba hakuna hata mmoja aliyepewa na Effie tundu la huruma.

Tarehe 18 Februari 1944 alihesabu matundu ya njano ya Dougal Wishart, kijana aliyekuwa amecheza naye dansi Jumamosi mbili, akapata manne, na yaliyotakiwa yalikuwa kumi na mawili. Dougal akaondolewa mafunzoni, akapelekwa jikoni kumenya viazi, wenzake saba wakaenda kwenye meli za kubeba ndege, watano hawakurudi. Hapo ndipo iliposemwa kwamba msichana amemfichia mpenzi wake matundu ili asife. Mwenzake Effie wa kuhesabu, Peggy Lorimer, aliyahesabu upya mbele ya mkuu wa kikosi, akapata manne yale yale, lakini cheo alichopendekezewa Effie kikaenda kwa mwingine, na tarehe 30 Septemba kikosi kikavunjwa bila doa hilo kufutwa.

Walifunga ndoa tarehe 23 Juni 1945, wakajaliwa mabinti wawili, Sheena mwaka 1947 na Rhona mwaka 1950, na kwa miaka ishirini na tisa marehemu alipima samaki bandarini, wala hakuna mvuvi aliyebishana na mizani yake. Hata hivyo wanywaji wa baa hawakuchoka: “Dougal, mkeo leo kakuficha wapi, chini ya sketi?” Dougal alicheka pamoja nao, Effie hakucheka. “Yalikuwa manne,” alisema, akavaa koti lake.

Aliugua mapafu mwezi Machi mwaka huu wa 1986, na kitandani hospitalini alimuuliza mumewe, “Wewe ulikuwepo, Dougal, nilikosea?” naye akamjibu, “Hukukosea,” akageukia dirishani. Alifariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu na mikate tusiyoweza kuimaliza, na Bi. Peggy Lorimer, aliyesafiri siku nzima kwa treni. Aya ya mwisho si yetu, mzee Dougal aliitamka jana mezani mbele ya mabinti zake, akataka isomwe yeye akiwa amesimama. Simama, mzee wetu.

“Pumzika sasa, mke wangu. Zile risasi nilizipiga baharini kwa makusudi, kwa sababu niliogopa kwenda kufa, kisha nikakuacha ubebe jina baya miaka arobaini na miwili. Wewe ulihesabu sawasawa, na mimi nilijua.”