Nzi Aliyeitwa kwa Jina Langu

Sogeeni, Patient, na wewe Abigaël, acha vyombo hivyo, kaeni upande huu wa dirisha ambako sikio langu bado linasikia, kwa maana haya nimeyameza miaka mitano na sitaki kushuka nayo kaburini. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nataka mnisikie kabla ya kilio.

Mmekuwa mkijivunia ile karatasi ya katalogi iliyotundikwa sebuleni, nzi wa ndoana, yaani chambo cha manyoya yaliyofungwa mfano wa mdudu, mweusi mwenye zambarau, "La Bibiane", ambaye wavuvi wa hapa Bruxelles wanasafiri naye hadi Kanada kumtafuta stilhedi, samaki yule anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Mnaambia watu kwamba mama yenu ndiye aliyembuni. Wanangu, sikumbuni. Alimbuni Mujinga.

Tulipofika kutoka Bukavu, Mujinga wa Lubumbashi ndiye aliyenipeleka kwenye karakana ya kufunga nzi ya Monsieur Constant kule Auderghem, akanishika vidole akanifundisha kukaza uzi bila kuvunja unyoya. Mwaka wa tisini na tatu Monsieur Constant akasema anaweza kubaki na mfanyakazi mmoja tu, na kwamba atabaki yule atakayemfungia nzi mkubwa wa maji ya baridi, anayecheza hata mto ukienda polepole. Mimi nilichagua kwa macho: manyoya ya jogoo yanayong'aa, lakini magumu kama njiti, ngozi ya sungura, lakini ikinywa maji inakuwa nzito hairushiki. Mujinga akajaza beseni, akatumbukiza kila kitu kimoja kimoja, akainama kutazama. "Maji njo inachagua, Bibiane," akaniambia, "haiko macho yako." Kisha akaenda kwenye maduka ya Waafrika, barabara ya Chaussée de Wavre, akarudi na nywele za kusukia, zile za dukani, kwa sababu hazinywi maji, akazichambua kwa kitana, akafunga kwanza kifundo cha sufu ili zisilale juu ya ndoana, akazungushia manyoya laini ya batamzinga. Ndani ya beseni kile kitu kilipumua.

Kesho yake dada ya Mujinga aliugua, Mujinga akaenda Liège kumuuguza. Monsieur Constant akamkuta nzi mezani, akauliza nani amemfunga.

Nikasema, "C'est moi," ni mimi.

Alors, basi, neno likishatoka halirudi. Nikabaki na kazi, jina langu likachapwa, na Mujinga akaambiwa hana nafasi. Aliporudi alimshika nzi niliyemfunga kwa kumwiga wake, akasema, "Nywele umekata fupi sana, haitacheza." Ni hilo tu. Angenitukana ningepona. Lakini mimi, kwa kuwa aibu haipendi kuonana na aliyeibiwa haki yake, niliwaambia ninyi kwamba maman Mujinga ana wivu na ana mdomo mbaya, mkaacha kumwamkia kanisani, ninyi mliokula ugali wake majira yote ya baridi ya kwanza. Chuki mliyo nayo niliipanda mimi. Ing'oeni.

Sasa shikeni maneno yangu. Patient, uteremshe karatasi ile leo, kabla wageni wa msiba hawajafika. Umwandikie Monsieur Constant kwa Kifaransa chako kizuri, usinipambe, sema Bibiane alidanganya. Abigaël, najua unaitamani jiriwa yangu ya kubania ndoana na sanduku la manyoya, na mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, lakini vyote vinakwenda kwa Mujinga, kule Uccle, nyumbani kwa mzee mmoja ambako sasa anafanya kazi ya kumtunza. Mpelekee mwenyewe. Umwamkie kwa magoti, umwite mama. Akikufukuza, usijibu. Akikukaribisha, umwombe akufundishe, kwa maana mimi nilikufundisha nusu tu. Nusu nyingine sikuijua kamwe.

Nipeni maji... kidogo. Inatosha.

Nilitaka kwenda mwenyewe. Mara mbili nilipanda tramu, mara mbili nikashuka njiani. Mguu wa mwongo ni mzito, wanangu, msiujaribu.

Asipokuja kunizika, asilaumiwe na mtu. Akija... mkalisheni mbele, na familia. Mungu awape riziki isiyo ya mwingine. Awape ulimi unaosema "si mimi" pale ambapo si ninyi. Mpendane... Patient, umshike dada yako. Abigaël, vaa koti, nenda sasa. Nenda ningali... nenda, mama.